Mashine Nyepesi ya Goweko

Mashine kubwa ya fotokopi hubebwa na wanaume wanne, na hata hao wanne hutukanana njiani. Hii ya Bi Mwanahawa iliteremshwa kwenye guta la tairi tatu na wawili, Mayala na mwenzake. Mayala alipoinyanyua upande wake aliyumba nyuma nusura aanguke, maana alikuwa amejikaza kwa uzito ambao haukuwepo. Akaitazama mashine, akamtazama mwenzake. Wakaiingiza dukani, na Mayala, ambaye hajawahi kuondoka mahali bila kuomba maji ya kunywa, siku hiyo hakuomba.

Duka lenyewe ni steshenari, liko Kanyenye, hapa hapa Tabora mjini. Na katika kuichagua ile mashine Bi Mwanahawa hakukurupuka, tusimsingizie. Aliuliza sana. Mpya ya kulipia kidogo kidogo aliiona itamzeesha kabla ya wakati. Vile vidogo vya kukaa mezani, vinavyotoa kurasa chache kisha vinataka kupumzika, alisema ni vya kuchezea watoto. Fundi wake, kijana mmoja anaitwa Godbless, akamshauri atafute kubwa ya mtumba iliyotoka ofisini, ila aangalie dramu, ile silinda ya kuchapia, isiwe na mikwaruzo, aulize tona yake, ule wino wa unga, inapatikana wapi, na asinunue mashine ambayo spea zake zinaagizwa ng'ambo ya bahari.

Ndipo ikasikika habari ya Goweko, kijiji cha kando ya reli. Kampuni moja ya tumbaku ilikuwa inafunga bohari lake kule, na mtunza stoo, bwana Gerson, anauza vilivyobaki. Bohari lile lilijengwa palipokuwa kambi ya misafara, enzi zile wapagazi wanatoka pwani na bidhaa na kurudi na pembe za ndovu mabegani. Kila mtu wa pale analijua hilo na hakuna anayelijali. Bi Mwanahawa akauza bangili zake za dhahabu, akapanda gari, akaijaribu mashine, ikatoa kopi safi mno. Alipouliza mbona inauzwa rahisi hivyo, Gerson alijibu kwamba wafanyakazi wa pale walikuwa hawaipendi tu. Hakueleza zaidi, naye hakudadisi. Bei ikiwa nzuri, nani anadadisi?

Haraka yake ilikuwa na sababu, na sababu ni Shamimu, binti yake wa pekee. Shamimu alifiwa na mtoto wake wa kwanza, Mustafa, hata kutambaa alikuwa hajaanza. Homa tu. Jioni anacheka, alfajiri hayupo. Mume akarudi kazini kwake Mpanda, na Shamimu akarudi kwa mama yake na kilio kisichojua mchana wala usiku. Hali, halali, na akitumwa sokoni anakuja kukutwa ameketi kwenye reli, katikati kabisa, anangoja. Bi Mwanahawa alitaka kazi ya kumweka yule binti mbele za watu kutwa nzima, mikono ikiwa na shughuli. Alitaka binti yake aishi, basi. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwona akidondosha chozi. Alimwosha mjukuu wake kwa mikono yake, akawapikia waliokuja kuhani, matanga yalipoanuliwa akafungua duka. Watu wakamsifu, mama jasiri yule.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa, na ni kosa letu sisi watu wa mjini. Kitu cha mtumba, kabla hakijavuka kizingiti, hufukizwa ubani nje barazani, mahali peupe, ili kama kina mwenyewe asiyeonekana aende zake. Hilo hata Bi Mwanahawa alilijua tangu utotoni. Lakini jirani wa kulia ni mlokole, wa kushoto ni wakili, na wateja wake ni walimu na makarani, akaona haya wasije wakasema duka lake limejaa ushirikina. Akaiingiza mashine kwanza. Kisha akafunga mlango, akafunga na madirisha, akawasha chetezo, akafukiza ubani na udi mpaka chumba kikajaa moshi mzito. Mgeni gani angefanyiwa hivyo asijione amekaribishwa?

Siku za mwanzo zilikuwa za heri. Mashine haikukwama karatasi, haikuchafua pembeni, haikunung'unika. Shamimu alikaa nayo toka asubuhi hadi jioni, na kilio chake kikapungua, kikawa cha asubuhi tu, kisha kikakoma. Akala. Akalala. Bi Mwanahawa alisali rakaa za shukrani, akasema moyoni kwamba hata ingekuwa ghali mara mbili angeinunua.

Ilikuwepo harufu, ni kweli. Wateja waliisema kwanza, harufu ya jasho la zamani na ngozi iliyolowa, kama mtu aliyetembea mbali sana amesimama nyuma yako. Na ilikuwepo sauti. Mashine zote hunguruma, lakini hii kati ya ukurasa na ukurasa ilihema, na chini ya kuhema huko, ukitega sikio, ulisikia kitu kama nyayo, nyayo nyingi za watu wasiovaa viatu, zinakwenda pole pole bila kufika.

Godbless alikuja kuifanyia sevisi. Alikuwa anashangaa mbona haitwi kuleta tona. Alifungua ubavuni, akachomoa kopo la tona, akalitikisa karibu na sikio. Tupu. Akaingiza kidole ndani, kikatoka kikavu na safi. Wakati huo huo mteja akaleta cheti chake, na Shamimu, bila kumwangalia fundi aliyekuwa bado ameshika kopo mkononi, akakiweka cheti kiooni na kubonyeza. Kopi ikatoka nyeusi tititi, kila herufi imesimama.

Godbless akalirudisha kopo taratibu mahali pake. Akamvuta Bi Mwanahawa pembeni.

"Mama, hii mimi siiwezi," alinong'ona. "Usinipe kitu. Ila mtoe dada hapo."

Akaondoka, bisibisi yake akaiacha sakafuni, wala hakurudi kuifuata. Bi Mwanahawa aliwaza kwamba mashine isiyokula tona ni neema, na mwenye akili halalamikii neema. Aligundua pia kwamba hakuogopa hata kidogo. Akajihesabia huo ni ujasiri wake ule ule.

Kisha ukaja mkono. Karatasi ilikwama, mara ya kwanza na ya pekee, na Shamimu akafungua mlango wa nyuma na kuingiza mkono kwenye ile roli ya moto inayokausha wino. Fundi yeyote atakwambia usubiri ipoe. Yeye aliushikilia mkono pale pale huku anamweleza mwalimu mmoja mahali pa kugonga muhuri, anaongea vizuri tu, mpaka duka likanuka nyama inayoungua na mwalimu akamshika bega na kumvuta. Shamimu alikitazama kiganja chake kilichobabuka kama mtu anavyotazama mkono uliochafuka unga. Akauliza mteja anayefuata ni nani.

Mama yake alimfunga kitambaa. Alimuuliza inauma? Akajibu hapana. Na usiku ule wa Mustafa, unaukumbuka? Anaukumbuka wote, akausimulia wote, sauti imenyooka kama anasoma tangazo la mnada.

Lakini kilichomtoa Bi Mwanahawa mbio ni kitu kidogo kuliko mkono. Ilikuwa mchana, umeme umekatika Kanyenye nzima, majenereta yananguruma kwa jirani na kwake hakuna jenereta, naye akirudi kutoka dukani kwa Mpemba na mkate mkononi akaikuta mashine inafanya kazi, ina taa, inahema, inatoa kurasa moja baada ya nyingine nyeupe pe, na harufu ile ya jasho imejaa mpaka barazani, na nyayo zile ambazo zamani zilikwenda bila kufika sasa zilikuwa zimefika, zimesimama, unasikia kabisa jinsi watu wengi waliochoka wanavyosimama, wakihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, na katikati yao Shamimu ameinama anakifuta kioo cha mashine pole pole, kwa ustadi, anakitia ukungu wa pumzi na kukifuta tena, na kitambaa alichofutia kilikuwa na mikono miwili midogo na vifungo vya njano, kwa kuwa kilikuwa sweta la Mustafa, lile ambalo Shamimu alilala nalo kifuani tangu siku ya mazishi na ambalo hakuna aliyethubutu hata kulifua.

"Nyuzi zake laini," Shamimu alisema. "Hazikwaruzi kioo."

Bi Mwanahawa alijua kwamba mtu akiona hivyo hupiga yowe. Hakupiga. Aliweka mkate juu ya kaunta, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumwita Mwalimu Uwesu.

Mwalimu Uwesu husomesha madrasa Isevya, na alasiri huuza spea za pikipiki, kwa hiyo alikuja na grisi kwenye kucha. Si mtu wa mikogo. Bi Mwanahawa alimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, ubani mliufukizia wapi. Alipoambiwa ndani, milango imefungwa, alifumba macho.

Akaamuru milango na madirisha yafunguliwe, mlokole aone na wakili aone. Akamketisha Shamimu kwenye benchi, akamfunika shuka jeupe, akamnyunyizia marashi, akaanza kusoma. Alisoma mpaka sauti ikakauka. Mashine ikaanza kuhema yenyewe. Kichwa cha Shamimu kikainama upande, kama mtu mwenye kitu kizito begani, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamume aliyechoka, haina hasira, haina kitu.

"Sikuiba," ilisema. "Mimi hubeba."

Mwalimu akaiuliza ni nani. Ikasema wapagazi waliiita zamani, njiani, mabega yalipochubuka na waliosimama wakaachwa porini. Walipoiita ikaja, wakaacha kuhisi pembe, wakaacha kuhisi miguu, wakaacha kuwakumbuka waliowaacha nyumbani, wakatembea tu mpaka wakaanguka. Tangu hapo haijapumzika. Wa bohari waliikimbia. Hawa wamefunga milango wakaifukizia.

"Weka chini ulichombebea huyu binti," Mwalimu alisema.

"Hakiwekwi chini. Hupokelewa. Aliyenikaribisha aseme binti yake apokee."

Mwalimu Uwesu akamgeukia Bi Mwanahawa, akamweleza kwa sauti ya chini, hana haki ya kumficha. Jini akitoka, msiba wote utamrudia Shamimu kwa mkupuo, wa miezi yote aliyobebewa, mkono nao utauma. Huenda akarudi kwenye reli. Na asipotoka, Shamimu ataendelea hivi hivi, atatembea tu mpaka aanguke. Akamwambia afikirie, hata mpaka Magharibi, yeye atasubiri.

"Apokee," Bi Mwanahawa alisema.

Mwalimu alimtazama. Mama wengi aliowahi kuwauliza mambo mepesi kuliko hilo walimwangukia miguuni. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mashine ikakata pumzi ghafla, harufu ikapungua, na zile nyayo zikasikika zikivuka kizingiti kwenda nje. Barabarani vumbi halikutimka. Mbuzi waliokuwa wamelala kando ya mtaro waliinuka wakasogea, wakaacha njia, wakatazama kitu kinachopita kuelekea upande wa Kwihara, njia ya misafara ya zamani.

Ndipo Shamimu akalia. Alilia kwa sauti iliyowatoa watu maofisini, akaushika mkono wake ulioungua, akaliokota sweta pale sakafuni likiwa jeusi kwa uchafu, akaliweka puani, akaita Mustafa, Mustafa, akaanguka kifuani kwa mama yake. Kiliumiza kukisikia kilio kile, na bado Mwalimu Uwesu alitabasamu, kwa kuwa kilikuwa cha mtu aliye hai. Jirani mlokole aliingia bila kualikwa akaanza kufuta machozi yake mwenyewe. Wakili alisimama mlangoni na kalamu mkononi.

Bi Mwanahawa alimshika binti yake, akampapasa mgongo. Alimpapasa vizuri, sawasawa, juu chini, juu chini.

Shamimu aliinua uso. Alimtazama mama yake kwa muda, kwanza kwa kuomba, kisha kwa kutafuta.

"Mama," alisema, "wewe mbona hulii?"

Bi Mwanahawa alijaribu. Alimtafuta Mustafa, uzito wake mapajani, kichwa chake baada ya kuogeshwa, yale maji aliyommwagia siku ya mwisho. Vyote alivikuta, kila kimoja mahali pake, na hakuna hata kimoja kilichomgusa. Akamtafuta na Shamimu, huyu aliyemkumbatia sasa hivi. Hivyo hivyo.

Mwalimu Uwesu alikuwa ameacha kutabasamu. Alimwona yule mama usoni, na akaelewa amesahau kuuliza kama naye alikuwa amebebewa. Wote walimjua kuwa jasiri, na cha jasiri nani anakiuliza? Alikimbia hadi barazani miguu mitupu, akasoma kwa sauti kubwa, akaita, akaamuru irudi. Barabara ilikuwa tupu mpaka inapokata kona. Mbuzi walikuwa wamesharudi kulala.

Ndani, Shamimu alijitoa mikononi mwa mama yake, taratibu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Bi Mwanahawa alibaki ameinyoosha mikono vile vile. Akamwambia asijali, atalia baadaye, sasa hivi kuna wateja.