Kurasa Tatu za Mama Dorothée

Josaphat alichoma kurasa tatu ambazo hazikuwa zake. Alizichoma mchana kweupe, kwenye jiko la mama muuza mandazi, na nakala nyingine haikuwako.

Kurasa zilikuwa za Fanny Vahwere, binti wa wafanyabiashara waliohamia Bunia kutoka Butembo. Walikutana sokoni Nyakasanza, siku jenereta ilipozimika na watu wakasukumana mlangoni mwa kibanda cha Josaphat cha kupiga chapa na fotokopi. Fanny alivaa kikwembe cha kijani, viatu kavishika mkononi kwa ajili ya matope.

"Papa Fotokopi, jenereta yako iko nalala?"

"Imeona mwanamuke muzuri, iko naona haya."

"Basi iamushe. Uzuri yangu haiwashake taa."

Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Fanny alikuwa anaandika memwari, kitabu cha kumalizia chuo. Alihoji wanawake wanane, akawapanga kwenye mikondo ya ufeministi: wa huria, wa Kimarx, wa msimamo mkali, wa Kiafrika. Aliandika kwa mkono, Josaphat akapiga chapa. Shule aliiacha darasa la sita, lakini vidole vyake havikukosea herufi.

"Na miye, utanitia mu kisanduku gani?" alimuuliza kwenye simu.

"Weye? Weye ndiyo tatizo tunachunguza, mupenzi."

"Tatizo iko nakupikia chai."

Fanny alicheka mpaka akakohoa. Wakati huo mjomba wa Josaphat alikwisha kubisha hodi kwa baba yake Fanny, na mbuzi wawili wa kwanza wa mahari walikwisha kupokelewa.

Kisha Josaphat akafika ukurasa wa arobaini na moja. Uliandikwa "mama wa nane", bila jina. Mama huyo alikimbia Djugu wakati wa vita. Wenye bunduki walimzuia njiani na mwanawe wa miaka mitatu. Akakubali kubaki na mkubwa wao miaka miwili, mradi mtoto apitishwe, afike Bunia kwa shangazi yake. Mtoto alikuwa na kovu la moto chini ya sikio.

Josaphat alishika sikio lake. Maisha yake yote aliambiwa kwamba miaka ile miwili mama yake, Dorothée, alikuwa mgonjwa.

Chini palikuwa na jedwali. Mbele ya mama wa nane, alama ilitiwa kwenye safu ya mwisho: Hana mwamko. Amejisalimisha kwa mwanaume.

Hakusoma zaidi. Alichomoa kurasa zote tatu za mama huyo, akazipeleka motoni, kisha akapanga namba upya. Aliona anamfunika mama yake nguo. Fanny alipopiga simu, alimjibu kwa mkato.

"Sheri, sauti yako iko baridi ju ya nini?"

"Kazi mingi."

Fanny hakuikagua kazi. Aliviamini vidole vile.

Siku ya kutetea memwari ukumbi ulijaa. Josaphat alishangaa kumwona mama yake safu ya mbele, kilemba kipya kichwani. Profesa Anselme, mkuu wa majaji, alivaa miwani.

"Mademwazeli, utangulizi wako unasema ulihoji wanawake wanane. Mimi nahesabu saba. Wa nane yuko wapi?"

Fanny alipekua, akapekua tena. "Alikuwako, Profesa."

"Humu hayumo. Ulimtunga?"

Mama Dorothée akasimama. "Ni miye."

"Kaa chini, mama. Wasikilizaji hawana neno hapa."

Akakaa. Fanny akaambiwa arudi mwaka ujao.

Nje, Josaphat alisema yote kwa pumzi moja. "Niliichoma. Ulimuita mama yangu hana mwamko!"

"Ukurasa ya pili ulisoma?"

"Hapana."

"Niliandika ile jedwali ni uongo. Niliandika hakuna mukondo hata moja inamutosha ule mama. Siye tuliosoma ndiyo hatuna mwamko."

Mama Dorothée alimkazia macho mwanawe. "Miye ndiye nilimuomba aandike. Nimenyamaza miaka yote ju yako. Nilitaka isomwe mbele ya wanaume wenye kuvaa kravati shingoni."

"Mama, niliona haya."

"Haya ya nani?"

Josaphat alitoa kalamu mfukoni.

"Sema tena, mama. Nitapiga chapa upya, leo hii."

"Nilisema mara moja, na ile mara moja nusura iniue. Sisemi tena."

Fanny alivua pete ya shanga aliyopewa na Josaphat, akamwekea kiganjani. "Wale wenye bunduki walimuamulia mama yako. Na weye umemuamulia. Sasa mi niende kwako kungoja zamu yangu?"

Mbuzi walirudishwa wiki hiyo. Mama Dorothée alihamia kwa dada yake kule Irumu. Fanny alirudia kazi yake na wanawake saba, wote wakaenea kwenye jedwali, akapewa alama nzuri.

Ndoa moja ikapotea. Mwaka mmoja wa Fanny. Na miaka miwili ya mama, iliyokuwa imeandikwa mahali pamoja tu duniani.