Simu Iliyovuka Mlango wa Bahari

Je, umewahi kuamka kitandani kwako, chini ya blanketi lako mwenyewe, na simu yako ikawa imeamkia nchi nyingine?

Mimi yamenikuta. Tena si siku moja, ni karibu msimu mzima wa baridi, na sikujua.

Nyumba yetu iko kaskazini mwa kisiwa cha Korfu, Ugiriki, pale mlima unaposhuka mpaka ukalowesha miguu. Mbele yetu ni mlango mwembamba wa bahari. Ng'ambo ni Albania. Siku ya jua naona mpaka shuka zilizoanikwa kule. Siku ya ukungu sioni kitu, na ng'ambo inakuwa kama mahali nilipopaota tu.

Sisi hatupandi juu ya mizeituni kuchuma. Tunatandika nyavu nyeusi chini ya miti, tunangoja. Zeituni hudondoka zenyewe, moja leo, kumi kesho, msimu wote wa baridi. Tap. Tap. Ukikaa peke yako humo asubuhi, utasema ni mvua inayofikiri kwanza kabla ya kunyesha.

Mume wangu Anargiros amekulia kwenye nyavu hizo. Hata maneno yake huyangoja yaive, yadondoke.

Tuna mtoto mmoja, Agathi. Ni fundi wa injini kwenye meli ya mizigo. Siku aliyoondoka, miaka miwili nyuma, baba yake alisimama mlangoni akamwambia, "Ukipanda meli hiyo, usiniite baba." Agathi alibeba begi lake, akashuka ngazi.

Tangu hapo, Agathi akipiga simu, Anargiros anachukua kofia na kwenda kwenye nyavu. Hata kama mvua inanyesha.

Sasa asubuhi moja ya Januari alikuwa anakunywa kahawa. Akaweka kikombe chini.

"Stamatela."

"Naam."

"Mwambie mtoto, Jumapili nitaongea naye."

Nikajikaza, nikaendelea kukata mkate.

"Utamwambia nini?"

"Nina neno langu."

"Usije ukamkalia kimya kama picha ya mtakatifu."

"Picha za watakatifu unaongea nazo kutwa, na hujawahi kulalamika hazijibu."

Nikamwandikia Agathi. Akajibu kwamba melini wanagawana mtandao. Ujumbe mfupi unapita wakati wowote, lakini kwa simu kila mtu ana nusu saa kwa wiki. Yeye zamu yake ni Jumapili, saa tano asubuhi kwa saa ya nyumbani. Atapiga simu ya video, ili aone uso wa baba yake.

Jumapili ikafika. Anargiros alinyoa ndevu mara mbili. Alivaa shati jeupe na koti analovaa sikukuu ya mtakatifu wa jina lake. Hatukwenda kanisani, Mungu atusamehe. Tulikaa barazani, upande wa bahari, kwa sababu ndani ya nyumba simu ilikuwa na mstari mmoja tu wa mtandao, na barazani ilikuwa na minne. Hapo ndipo nilipozoea kukaa jioni nikitazama video za bendi ya kijiji chetu. Tarumbeta, ngoma, kofia zenye manyoya. Nilikuwa naziangalia mpaka chai inapoa.

Tuliiegemeza simu kwenye chupa ya jamu ya machungwa madogo. Ukungu ulikuwa mzito. Bahari haikuwepo. Ilikuwa kama baraza letu limeng'oka na linaelea.

Kengele ya kanisa ikalia.

"Ibada imekwisha," nikasema. "Inakaribia saa tano."

Anargiros akatazama simu. "Saa nne kasoro dakika tano. Padri leo ana njaa, amekimbiza sala."

Tukacheka. Tukangoja. Hakuna aliyeona ajabu, maana saa ya ukutani ilikufa zamani na tulishazoea kuiamini simu. Zeituni zilikuwa zikidondoka nyuma ya nyumba. Tap. Simu ikasema saa nne na nusu. Ikasema saa tano. Anargiros akaweka kola sawa. Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Kioo cha simu kikabaki cheusi.

"Labda bahari imechafuka huko walipo," nikasema.

Anargiros akaigonga simu kwa kidole. Ilipofika saa sita alivua koti, akalikunja polepole, mkono juu ya mkono.

"Amenilipa," akasema. "Nilimwambia asiniite baba. Basi hakuniita."

Siku mbili zilizofuata hakula ila supu. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Nilitaka kumwandikia Agathi, lakini ujumbe wangu haukwenda. Alama ya kuzunguka ilizunguka mpaka macho yangu yakauma.

Jumanne alikuja Zambeta, tarishi wa posta, na pikipiki yake ya njano. Zambeta ni mwanamke wa miaka hamsini, mwenye sauti ya kuita mbuzi mlimani. Anawajua watu wote wa kaskazini, na simu zao, kwa sababu wazee wote humpa azitazame. Nikampa kijiko cha jamu na glasi ya maji, kama ilivyo kawaida. Alikuwa amebeba bahasha ya kampuni ya simu.

"Mama Stamatela, hii bahasha nzito. Mlisafiri mkaniacha?"

"Kusafiri kwenda wapi? Mimi hata sokoni sijafika wiki hii."

"Lete hiyo simu."

Akaitazama. Akatazama saa yake ya mkononi. Akaanza kucheka, kisha akaona uso wa Anargiros, akaacha.

"Mjomba, sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa nne," akasema Anargiros, akiangalia simu.

"Kwangu mimi ni saa tano. Kwenu nyote hapa kisiwani ni saa tano. Saa nne ni huko." Akanyoosha kidole baharini. "Simu yako iko Albania."

"Mimi sijakanyaga Albania tangu nizaliwe!"

"Wewe hujakanyaga. Yeye anakwenda kila siku, bila pasi ya kusafiria."

Nikakaa chini. Nilihisi kama mtu anaposimuliwa jinsi alivyotembea usingizini.

"Sikilizeni," akasema Zambeta, akivuta kiti. "Simu haijui mpaka. Inatafuta mnara wenye nguvu, ikishaupata inaushika. Mnara wetu uko nyuma ya mlima. Mlima unauziba. Mnara wa Albania uko pale mbele, hauzibwi na kitu, maji matupu. Ukikaa baraza hili, wa kwao unafika vizuri kuliko wetu. Simu inashika wa kwao. Na saa nayo inaichukua huko huko."

"Lakini mimi niko nyumbani kwangu," nikasema.

"Kampuni haioni nyumba yako, mama. Inaona mnara. Kwao, wewe ni msafiri. Ungekuwa Italia au Bulgaria, kifurushi chako cha nyumbani kingekufuata, maana tuko kwenye umoja mmoja wa Ulaya na tuna makubaliano. Hata huko, kina kikomo chake kwa mtu anayekaa sana. Lakini Albania haimo kwenye makubaliano hayo. Data ya huko ni bei ya ugenini. Na kitu kinachokula data kuliko vyote ni video."

Nilizikumbuka tarumbeta. Uso ukanichoma.

"Hawakutuambia!" akasema Anargiros.

"Hawakuwaambia?" Zambeta akafungua jumbe. "Huu hapa. 'Karibu Albania. Bei za huduma ni hizi.' Huu mwingine. Huu mwingine. Ziko kumi na saba."

"Nilidhani ni matangazo ya feri," nikasema. "Wenye feri hututumia matangazo kutwa. Karibu huku, karibu kule. Nilikuwa nayapita."

"Na huu wa Jumamosi. 'Matumizi yako ya data nje ya nchi yamefika kikomo. Tumesimamisha data.' Huo kampuni hutuma ili bili isiendelee kupanda. Ni kizuizi cha kukulinda."

Anargiros aliuliza taratibu sana.

"Kwa hiyo Jumapili mtoto alipopiga?"

"Simu haikuwa na data, mjomba. Asingeweza kukupata. Na wakati simu inasema saa tano, kweli ilikuwa saa sita. Nusu saa yake ilishakwisha."

Anargiros alishika ukingo wa meza. Zambeta akatoa simu yake mwenyewe, akanipa nimwandikie Agathi. Jibu lilikuja kabla hajamaliza jamu. Nalisoma mpaka leo:

"Nilipiga mara nne. Nilidhani baba amebadili nia, nikasema sawa, nisimsumbue. Nitapiga tena Jumapili hii, saa tano. Baada ya hapo tunavuka bahari kuu, mwezi mzima sina mtandao."

"Haya," akasema Zambeta. "Sasa mjomba, shika simu. Unafanya wewe. Mimi sitakuja hapa kila Jumapili, nina mume."

"Vidole vyangu vinene."

"Vinaokota zeituni, havitashindwa hapa. Fungua mipangilio. Tafuta palipoandikwa mtandao wa simu. Unaona 'data ukiwa nje ya nchi'? Zima."

Akazima. Jasho lilimtoka kama amebeba gunia.

"Hiyo ni ya kwanza. Hata simu ikishika mnara wa ng'ambo, haitatumia data yao. Sasa ya pili. Hapo pameandikwa simu ichague mtandao yenyewe. Toa. Ngoja itafute. Itakuletea majina."

Simu ikatafuta muda mrefu. Majina yakaja moja moja, kama watu wanaotokea kwenye ukungu. Mawili ya Albania, na chini kabisa, kampuni yetu.

"Gusa yetu. Sasa haitavuka tena bila ruhusa yako. Na kile kizuizi cha kampuni ni cha nje tu. Kifurushi chenu cha nyumbani kipo vile vile. Ya tatu, saa. Toa ile ya kujirekebisha yenyewe, chagua Ugiriki."

Saa ikaruka kutoka nne na nusu hadi tano na nusu. Anargiros alishtuka kama aliyeibiwa lisaa zima.

"Na siku mkivuka kweli kutembea," nikauliza, "tufanye nini?"

"Kabla ya kupanda feri, pigia kampuni uulize bei. Ukiona kubwa, acha data imezimwa, tumia mtandao wa hotelini, au nunua laini ya huko. Ramani na picha unazotaka, zipakue ukiwa nyumbani. Na ukisafiri mbali, kumbuka kurudisha simu ichague mtandao yenyewe, la sivyo itakaa bubu. Na mama, ujumbe wa 'karibu' ukija, usome. Bili hii wapigieni leo, waelezeni mnakaa wapi. Wengine husikilizwa."

Kweli tulipiga, na walitupunguzia sehemu. Lakini tatizo moja lilibaki. Kwa mnara wetu, barazani hapakuwa na mstari hata mmoja.

Wiki ile nzima Anargiros alitembea na simu mkononi kama mtu anayetafuta maji chini ya ardhi. Alipanda darini. Hakuna. Alisimama kwenye pipa la mafuta. Mstari mmoja. Alikwenda kati ya nyavu, simu juu ya kichwa, zeituni zikimgonga mabega. Mstari ulikuja, ukapotea.

Ijumaa nilimsikia akiita. "Stamatela! Mitatu! Mitatu!"

Alikuwa ndani ya banda la kuku. Kona ya nyuma, mahali mlima unapojikata na kuacha pengo dogo.

"Utaongea na mtoto humo?"

"Kuku hawamjui. Hawatasema kitu."

Jumapili ukungu ulirudi. Nilifagia banda, nikaweka viti viwili. Anargiros alivaa koti lile lile. Kengele ya ibada ikalia, akatazama simu, na safari hii kengele na simu zilikubaliana. Manyoya madogo yalikuwa yanaelea kwenye mwanga wa dirisha, hayashuki, hayapandi.

Saa tano kamili simu ikaita.

Picha ilikuja vipande vipande. Kwanza paji la uso. Kisha macho. Kisha Agathi mzima, amevaa ovaroli, ana alama ya grisi shavuni. Nyuma yake mabomba yalikuwa yanatetemeka.

"Mama! Mko wapi hapo?"

"Kwa kuku," nikasema. "Usiulize."

Nikampa baba yake simu. Aliishika kwa mikono miwili. Akafungua mdomo, akafunga. Kuku mwekundu akalia chini chini.

"Baba? Huyo ni wewe au ni kuku?"

Nilidhani baba yake atacheka. Hakucheka. Agathi naye akaacha kutabasamu.

"Baba, kama unataka kuniambia nirudi, sema tu. Nitakusikiliza. Sijui nitajibu nini, lakini nitakusikiliza."

"Siyo hilo."

"Ni nini basi?"

Nilitazama saa pembeni mwa kioo. Dakika zilikuwa zinakwenda, dakika za kweli, za kwetu. Nilitaka kumpiga kiwiko. Nikajizuia.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Nilikuwa na kitabu cha ubaharia, kile cha ruhusa ya kufanya kazi melini, kimepigwa muhuri. Meli ilikuwa imetia nanga bandarini. Babu yako akakichukua, akakitia motoni. Akasema, nani atatandika nyavu?"

Miaka arobaini na sita nimelala kando ya mtu huyu. Neno hilo nilikuwa nalisikia siku hiyo, kwenye banda la kuku, pamoja na mwanangu.

"Siku uliyoondoka sikuwa na hasira nawe, Agathi," akasema. "Nilikuonea wivu. Nilitaka kwenda mimi."