Niliingia kwa Tiketi ya Mke wa Mtu

Mwanamke aliyepotea, yule ambaye polisi wa London walikuwa wanamtafuta hadi mtoni... alikuwa mimi!

Someni mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Matusi yangu nayajua, na ninayastahili.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, mapumziko ya chai. Naitwa Janine, napika chakula cha wanafunzi kwenye shule moja hapa Peterborough. Mwenzangu Bev akanisogezea simu mpaka puani.

"Hebu mwone huyu mama, maskini! Kaenda London kutembea na mumewe, kapotelea humo humo makumbusho."

Nikaangalia picha. Mwanaume wa makamo anatabasamu. Pembeni yake mwanamke mwenye koti jekundu la mvua, kofia imemfunika hadi puani, inaonekana midomo tu.

Na mkoba wa mistari ya kijani begani.

Mkoba wangu! Ulikuwa unaning'inia pale ukutani, hatua tatu kutoka alipokaa Bev.

"We Janine, mbona umepauka?"

"Tumbo," nikasema.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, hadi Ijumaa.

Ijumaa asubuhi nilimpigia bosi wangu, Bi. Pargeter, nikamwambia naharisha. Uongo mtupu! Jikoni kwetu ukishataja tumbo hakuna anayekuuliza swali la pili. Unaambiwa kaa nyumbani siku mbili, usije ukatuambukizia watoto. Nilikuwa nimechoka na kumenya viazi, jamani. Nikapanda treni, nikaenda London peke yangu kula maisha.

Kuna gereza la kale kando ya mto, siku hizi ni makumbusho. Kiingilio chake pauni thelathini na nne! Lakini sisi huku tuna mtindo wetu. Mkija mjini kwa treni kila mmoja anaonyesha tiketi yake ya siku hiyo dirishani, mnaingia wawili kwa bei ya mmoja. Watu wetu kwa nusu bei hawajambo, mtu yuko radhi asimame kwenye mvua saa nzima.

Tatizo ni moja, lazima muwe wawili. Mimi nilikuwa na tiketi yangu na upweke wangu.

Nikiwa kwenye foleni, mvua inanyesha, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Samahani dada, umekuja peke yako?"

Nikageuka. Baba wa miaka hamsini na kitu, nadhifu, viatu vinang'aa. Mkononi ana tiketi mbili za treni.

"Naitwa Lionel. Mke wangu Thelma kaamka na kichwa, kabaki nyumbani. Tiketi yake hii hapa inaharibika bure. Tuingie wote tugawane kiingilio?"

"Twende! Tena tiketi ninayo, hii hapa."

"Aa, ya kwako weka mfukoni. Tumia hii ya Thelma, zimekatwa pamoja, hawatatusumbua."

Nikaona sawa. Mvua ikazidi.

"Unalowa bibie. Vaa hili, ni koti lake, lilibaki kwenye begi langu."

Nikavaa! Mke yuko nyumbani, koti lake linafanya nini London? Sikujiuliza. Akili yangu yote ilikuwa kwenye nusu bei.

Mlangoni kulikuwa na kijana wa kupiga picha za wageni.

"Sogeeni karibu, wapenzi!"

Mimi nilikuwa mgonjwa siku hiyo, mnakumbuka? Picha yangu ikizagaa London nimekwisha. Nikavuta kofia ya koti mpaka puani, nikainama. Kumbe ndicho Lionel alichokuwa anakitaka. Mwenyewe sikumpa kazi hata kidogo.

Na picha akainunua. Mtu aliyenisimamisha kwenye foleni kwa ajili ya nusu bei, kanunua picha akiwa na mwanamke asiyemjua. Hata hapo sikushtuka, wapendwa.

Tulipofika vyumba vya wafungwa, kwenye giza giza, akaniomba koti.

"Thelma kanipigia, inabidi niwahi nyumbani. Wewe endelea kufurahi."

Akaondoka. Mimi nikaendelea kufurahi. Nilikula na aiskrimu.

Haya, turudi Jumatatu. Habari ikasema mume kaeleza kuwa mkewe alienda chooni humo makumbusho, hakurudi tena. Koti lake jekundu limekutwa limetundikwa chooni. Wapiga mbizi wameingia mtoni. Ushahidi upo wa kutosha, tiketi mbili, kiingilio cha watu wawili, picha ya mtu na mkewe.

Mkewe mimi!

Nikashika simu. Nikaiweka. Nikaishika tena...

Bi. Pargeter alishanipa onyo mara moja kwa kutoroka kazi. Nikienda polisi, lazima niseme Ijumaa nilikuwa wapi. Nikaanza kujidanganya. Labda Thelma alimfuata baadaye. Labda polisi wataligundua wenyewe, wana kamera kila kona. Labda kesho.

Jumanne alasiri, nimetoka kazini, Lionel akatokea kwenye televisheni analia.

"Thelma, mpenzi wangu, rudi nyumbani. Sina mwingine."

Alikuwa amevaa viatu vile vile vinavyong'aa. Nilizima televisheni, na bado sikupiga simu.

Nilipiga Jumatano asubuhi. Akapokea askari wa kike, sauti ya upole.

"Una uhakika aliye kwenye picha ni wewe?"

"Mkoba ninao hapa. Na tiketi yangu ya Ijumaa ipo, niliingia kwa ya mkewe."

"Na mkewe mwenyewe, ulimwona kwa macho yako?"

"Hapana."

Kisha akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "Basi hakuna aliyemwona."

Saa moja haikuisha walikuwa wameshafika nyumbani kwa Lionel. Siku zote hizo nyumba ile hakuna aliyeipekua, ya nini, wakati kila mtu ana picha ya Thelma yuko London?

Walimkuta Thelma kwenye chumba cha chini ya nyumba, amekufa.

Nikaenda kwa Bi. Pargeter na machozi yangu, nikamweleza yote kuhusu Ijumaa, nikasubiri kufukuzwa. Akaniangalia.

"Ndiyo hilo tu? We mtoto, mimi mwaka juzi nilisema naumwa mgongo nikaenda harusini. Nenda kapumzike!"

Ndiyo hilo tu. Kazi yangu haikuwa hatarini hata dakika moja.

Jioni yule askari wa kike akaja kwangu kuchukua maelezo. Akaniambia Lionel alimsukuma mkewe kwenye ngazi za kile chumba cha chini siku ya Alhamisi, akadhani amekufa, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Hakuwa amekufa," akasema. "Mlango kwa ndani una alama za kucha. Daktari anasema alikata roho jana jioni."

Jana. Jumanne!

Tangu siku hiyo mtu akigonga mlango wangu, mimi nasikia kucha. Nimeng'oa mlango wa chumba changu cha kulala, naogopa kitu kinachofungwa.

Magazeti yakaniita shujaa. Bev akanikumbatia mbele ya shule nzima. Wiki iliyofuata mama yake Thelma akaja kwangu, bibi wa miaka themanini na mbili, kabeba keki aliyooka mwenyewe. Akanishika mikono yote miwili.

"Bila wewe mwanangu angeozea mle, na yule muuaji angekuwa anapewa pole. Hebu niambie mama, uliiona lini ile picha?"

Nikamwangalia machoni.

"Jumatano asubuhi," nikasema. "Nikapiga hapo hapo."

Akaibusu mikono yangu. Mikono hii hii ninayoandikia!

Ndugu zangu, ukijua jambo, liseme siku hiyo hiyo. Aibu unayoiogopa huenda haina hata mtu wa kuisimulia, na huku mwenzio anahesabu pumzi akikusubiri wewe.

Na kama kuna jirani wa yule bibi anayesoma hapa, amsomee haya maneno. Mama, nilikudanganya. Niliiona siku mbili kabla, na mwanao alikuwa bado hai.