Pampu Ndani ya Kisima

Shaa, shaa, shaa. Kabla hakujapambazuka, Shamsia alisikia kamba ikipita viganjani mwa baba yake. Isihaka alikuwa mchimba visima, na kila alfajiri aliipapasa kamba yake yote akitafuta palipochakaa, ndipo anywe chai. Alipomaliza alimfunika bintiye shuka vizuri asipigwe na baridi, akaondoka.

Shamsia hakulala tena. Kuna jambo lilikuwa limemkaa moyoni.

Jana yake jioni alipeleka chakula cha wachimbaji kwenye boma la Mama Nasieku, nje kidogo ya mji wa Handeni. Huko alimkuta Julius, mmoja wa wachimbaji, peke yake. Maji yalikuwa yamekusanyika chini kabisa kisimani, na Julius aliachiwa kazi ya kuyavuta kwa pampu ya petroli. Mpira wa kunyonyea ulikuwa mfupi, haukuyafikia maji. Basi Julius akaifunga pampu yenyewe kamba, akaishusha, ikawa inanguruma humo humo ndani. Sharifu, msimamizi wao, alikuwa amekataza kabisa jambo hilo.

"Mdogo wangu, hujaona kitu," Julius alimwambia. "Bosi akijua, kibarua changu kimeota nyasi. Si unajua anavyofoka? Mafuta yakiisha naitoa, nafunika kisima kwa mabati ndama wasije wakatumbukia. Nani atajua?"

"Sijaona kitu," Shamsia alijibu. Julius alikuwa mtu mwema. Msimu wa mvua ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka korongo, akachekwa na wenzake kwamba amegeuka punda.

Lakini asubuhi hii roho haikutulia. Kama pampu kisimani haina ubaya, mbona imefichwa? Alibeba chupa ya uji akaenda mbio.

Alipofika, mabati yalikuwa yamefunuliwa. Sharifu alikuwa ameshika kamba, na Julius alikuwa kando akinoa sururu.

"Leo hata shikamoo hakuna?" Sharifu aliuliza.

"Shikamoo, mjomba. Baba yuko wapi?"

"Marahaba. Ameshuka sasa hivi."

Sharifu aliivuta kamba mara moja. Kamba ikavutwa kutoka chini, polepole. Ndivyo walivyozoea kuulizana hali. Shamsia alimtazama Julius, na Julius akainamia sururu yake. Akisema, Julius atafukuzwa. Asiposema, baba yuko chini.

"Mjomba," alisema, "jana pampu ilishushwa kisimani. Ilifanyia kazi humo ndani."

Uso wa Sharifu ulibadilika. Aliivuta kamba. Haikujibu. Akaivuta tena.

"Isihaka!"

Kutoka chini ilikuja sauti nzito, kama ya mtu anayeota. Kisha kimya.

Julius alitupa sururu, akaweka mguu kwenye mdomo wa kisima. "Namfuata."

Sharifu alimkamata shati. "Ukishuka mtakufa wawili. Amejifunga kamba kiunoni. Shika hapa, vuta."

Walivuta. Mama Nasieku aliacha kukamua, akaja na mikono yake yenye maziwa, naye akashika. Shamsia akashika nyuma yake. Kamba ilisaga viganja lakini haikukatika. Isihaka alitokea kichwa kikining'inia. Wakamlaza mahali penye upepo, Mama Nasieku akampepea kwa shuka yake bila kupumzika, mpaka gari la kukusanya maziwa lilipowachukua kwenda hospitali.

Huko aliwekewa hewa ya oksijeni. Mchana alifumbua macho akaomba uji.

Kesho yake jioni, Sharifu alikaa pembeni ya kitanda. Julius alisimama mlangoni, hathubutu kuingia.

"Nilidhani unaogopa pampu itaharibika," Julius alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa sababu sikukueleza," Sharifu alijibu. "Moshi wa injini una sumu isiyoonekana wala kunusika, na kisimani haina pa kutokea. Mimi nilikataza tu, nikafoka, hata ukaogopa kuniambia. Anayesimamia watu aeleze sababu, na awe na masikio. Sasa kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, tutaulizana jana kulifanyika nini, na hakuna atakayefokewa kwa kusema kweli. Nawe, Julius, ukikosea sema kabla mwenzako hajaumia."

Kisha akamgeukia Shamsia. "Siri inayoweza kumdhuru mtu haitunzwi, mwanangu, hata akikuomba rafiki. Jana ulichelewa kidogo, lakini ulisema."

Shamsia alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Isihaka aliinua mkono, akamwita Julius kitandani, akaushika mkono wake uliochubuliwa na kamba.

"Ulivuta sana," alisema. "Kesho uje tena kuniona. Na umlete huyu Shamsia, maana mvua ikinyesha hawezi kulivuka lile korongo peke yake."