Kinywa Kisicho na Sura

“Sukari imemwagika. Ichote mbele ya jioni.”

Redio ikakatika. Askari Athanase Hakorimana alitupa kisikilizio kwenye kiti cha pili cha jipu lake la Willys, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Chini yake, kwenye kona za milima ya Masisi, lori la Bedford, gari pekee lililoondoka vilimani tangu wizi, lilikuwa likiteremka kuelekea Kibua. Baada ya Kibua ni msitu wa Walikale. Likishaingia msituni, basi tena.

Kwa wakubwa wake, sukari ilikuwa makopo mawili ya vidonge vya antibiotiki, yaliyoibwa mchana uleule kwenye zahanati moja ya vilimani. Wageni fulani walikuwa wakivinunua kwa magendo huko migodini. Kwa Athanase, sukari ilikuwa Jeannette, mtoto wa dada yake Dancille, aliyelazwa katika zahanati hiyohiyo kwa nimonia. Dozi ya saa sita alipewa. Ya saa kumi na mbili haikuwepo.

Kona iliyofuata aliikata bila breki.

Sura ya mwizi hakuna aliyeijua. Muuguzi Joséphine-Marie alikuwa amemweleza haraka, akimtilia bunda la shashi, kitambaa chepesi cha vidonda, mfukoni.

“Alikuya amejifunga kitambaa kichwa nzima, eti jino inamuuma. Sura sikuona, kaka. Niliona kinywa tu.”

“Kinywa iko namna gani?”

“Nyeupe. Ulimi, mashavu, yote. Ile weupe njo chachu, kuvu ndugu ya ile ya mukate. Kila muntu iko nayo mu kinywa, inakaa kimya. Lakini ukimeza antibiotiki kila siku, unauwa vijidudu vyenye vinaizuia. Inaota, inaingiza mizizi mu nyama laini ya kinywa, inaichimba. Mwili nao unatuma askari yake kupigana. Njo maana kule chini kunavimba, kunakuwa nyekundu, kunawaka moto.”

“Basi anakula mali yenye anauzisha.”

“Siku mingi. Anazani itamukinga na magonjwa yote. Nilienda kutafuta dawa ya kumupaka. Kurudi, yeye hapana, makopo hapana. Shika hii shashi. Ukipanguza ule weupe, utakataa kutoka. Ukilazimisha, utatoka na damu.”

Saa kumi kasorobo aliipita Bedford, akaiziba njia.

Bastola ya Browning mkononi.

“Shukeni. Mufungule kinywa.”

Ukimwacha dereva, aliyemjua siku nyingi, abiria walikuwa watatu: Hilaire, mwindaji wa Walikale, Théophile, katekista mwenye miwani, na Symphorien, mchuuzi mnene mwenye bidoni, dumu kubwa la maziwa lenye mdomo mpana.

Hilaire akafungua. Nyeupe.

Théophile. Nyeupe.

Symphorien. Nyeupe.

Saa zilikuwa zinakwenda, na vinywa vitatu vilikuwa vinamcheka.

“Ni maziwa, mukubwa,” alisema Symphorien kwa upole. “Kule barierini nyuma, kwa kizuizi ya askari, nilisikia mutaangalia bantu mu kinywa. Nikasema, hawa ndugu wasikae na njaa. Nimewapa wote. Karibu na weye.”

Mkarimu kweli, mchuuzi huyu. Ukarimu wenyewe umempata baada ya bariera.

Athanase akatoa shashi.

Akaupangusa ulimi wa Hilaire. Maziwa yakatoka, ulimi ukabaki safi. Wa Théophile vilevile.

Symphorien alirudi nyuma hatua moja.

“Papa, fungula.”

Shashi ikapita. Weupe haukusogea. Athanase akakaza kidole. Utando ukabanduka, na chini yake nyama mbichi ikatoa damu.

Symphorien aliingiza mkono kotini. Alichelewa. Kitako cha Browning kilimpata kwenye kifundo cha mkono na bastola yake ikaanguka topeni.

Athanase akapiga bidoni teke. Maziwa yakamwagika barabarani, na makopo mawili yaliyozibwa kwa nta yakajiviringisha nje.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, Joséphine-Marie alipasua kidonge, akachanganya unga wake na maji, akampa Jeannette kwa kijiko. Mtoto alikunja uso, akameza. Dancille alimshika kaka yake mkono, akalia.

Kwenye benchi, Symphorien alikuwa amefungwa pingu.

“Mama, nipatie kimoja tu,” aliomba. “Kinywa inaniuma.”

“Vile njo vimekuuguza,” alijibu muuguzi, akichovya pamba kwenye dawa ya zambarau. “Fungula.”

Nje, redio ilikuwa ikikoroma. Athanase akatoka, akashika kisikilizio.

“Sukari?”

“Imefika.”

“Kamili?”

“Inapunguka kidonge moja.”

“Iko wapi?”

Athanase aliangalia dirishani. Kifua kidogo kilikuwa kikipanda na kushuka.

“Iko kazini,” alisema, akazima redio, akavaa kofia yake na kuwasha Willys.