Kidoti Chekundu

Kila alasiri, baada ya kuvua sare na kunawa mikono, Chapuchapu alikuwa na kazi yake katika chumba cha mbele, ambamo mama yake alishona mikoba ya shule. Mama akimaliza mkoba, alimrushia. Chapuchapu aliukandamiza kwa goti, akashika mkanda kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Mkanda ukistahimili, alitangaza, "Uko imara!" Hapo Mama alichukua sindano yenye uzi mwekundu na kushona kidoti kimoja kidogo ndani ya mfuko wa mbele. Mkoba usio na kidoti haukutoka katika nyumba ile, hata mteja alalamike vipi.

Chapuchapu alikuwa na jina lake halisi, refu na zuri, lakini nani alikuwa na habari nalo? Alioga chapuchapu, alikula chapuchapu, hata radhi aliomba chapuchapu, kabla hujajua amekukosea nini. Majirani wakambandika jina hilo, naye akalizoea.

Likizo ilipokaribia, nyumba ilipata habari njema. Mwenye duka la vifaa vya shule alikubali kuuza mikoba ya Mama muhula ukifunguliwa, kwa sharti kwamba mikoba hiyo iwe na jina la kuitambulisha. Mama alikuwa ameshona miaka yote hiyo bila jina lolote. Walifikiri mpaka vichwa vikawauma, na aliyelipata jina ni Chapuchapu.

"Bega kwa Bega!" alisema huku akirukaruka. "Mkoba si unakaa begani, Mama? Na sisi wanafunzi tunakwenda shule bega kwa bega!"

Mama alicheka, akamkumbatia. "Hilo ndilo, mwanangu. Lakini lazima tujue kama halina mwenyewe. Chukua simu yangu, ufungue tovuti ya msajili wa biashara. Kuna sehemu mbili, ya majina ya biashara na ya alama za biashara. Angalia zote mbili. Kama kuna mtu ameshalisajili kwa mikoba, halafu sisi tukalishona kwenye yetu, tutashtakiwa na mikoba yote itaondolewa dukani."

Chapuchapu aliketi kizingitini na simu. Aliandika jina kwenye sehemu ya kwanza, na jibu likaja: halipo. Akafurahi kupita kiasi. Akafungua sehemu ya pili. Kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka tena. Nje wenzake walikuwa wameanza kuruka kamba, nao wanamwita. Tena, tuseme ukweli, alikuwa na hofu yake ya siri: kiduara kikisimama, huenda kikamnyang'anya jina lake. Akafunga simu.

"Umeangalia?" Mama aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Nimeangalia, Mama. Halina mtu."

"Sehemu zote mbili?"

"Zote!" alijibu, tayari yuko nje.

Siku ya kwanza ya likizo, mchora mabango alifika na ngazi, makopo, na kofia iliyopakwa kila rangi aliyowahi kuigusa. Alisimamisha ubao juu ya mlango, akachora herufi kwa chaki, kubwa kubwa, zimenyooka. BEGA KWA BEGA. Chapuchapu alisimama chini akilitazama jina alilolibuni. Alikuwa akiisubiri siku hii kwa hamu, lakini sasa aliyakwepa macho ya Mama.

"Jina mmelihakikisha lakini, mama?" mchora aliuliza huku akifungua kopo. "Kuna jamaa nilimpakia ukuta mzima, nikaja kuitwa niufute wote. Kumbe jina lina mwenyewe! Mpaka leo akiniona anavuka barabara, utadhani mimi ndiye niliyemshtaki."

"Aa, sisi hatuna wasiwasi," Mama alijibu kwa fahari, akaweka mkono begani mwa Chapuchapu. "Binti yangu ameangalia kila mahali."

Mkono ule haukuwa na uzito wowote, lakini Chapuchapu aliuona kama gunia la mchanga. Mchora alichovya brashi, akaiinua kuelekea herufi ya kwanza.

"Usipake!" Chapuchapu alipiga kelele. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Mama, sikuangalia zote. Niliangalia moja tu. Ile nyingine ilichelewa kufunguka, nikaenda kucheza. Nilikudanganya, Mama."

Mchora mabango alivua kofia yake na kuichunguza kwa makini, kana kwamba ameivaa leo kwa mara ya kwanza.

"Na mimi nimeagiza lebo," Mama alisema polepole. "Zinaanza kuchapwa leo mchana." Alichukua simu, akamwomba mchapaji asubiri kwanza. Kisha akamgeukia bintiye. Hakufoka, na hilo lilimwumiza Chapuchapu zaidi. "Vaa viatu. Twende ofisini kwa msajili, tusikie kwa masikio yetu."

Ofisini, afisa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba aliwakaribisha mezani kwake. Aliandika jina kwenye kompyuta, na kiduara kikaanza kuzunguka. Safari hii Chapuchapu alikikodolea macho mpaka kikasimama.

Afisa akawageuzia kioo cha kompyuta. "Mnaona? Alama hii imesajiliwa. Tena kwa mikoba na masanduku ya safari."

"Lakini kwenye majina ya biashara halikuwepo!" Chapuchapu alilalamika.

"Ni kweli, mwanangu. Kampuni ya aliyeisajili inaitwa jina jingine kabisa. Bega kwa Bega ni alama anayoitia kwenye bidhaa zake. Ndiyo maana tunasema muangalie sehemu zote mbili, na muangalie hata majina yanayofanana." Akamtazama Mama. "Mmeshachapa lebo?"

"Bado."

"Bango je?"

"Chaki tu."

Afisa alicheka, miwani ikamponyoka mpaka kifuani. "Chaki inafutika! Wengi huja hapa wakiwa wameshashtakiwa. Nyinyi mmeponea chupuchupu."

"Chapuchapu akatutia shimoni, chupuchupu ikatutoa," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Alishusha pumzi ndefu, akajiegemeza kitini kama mtu aliyetua mzigo.

Chapuchapu naye alifarijika, ingawa jina lake zuri lilikuwa limekwenda. Alishika mkoba wa Mama uliokuwa mapajani mwake, akapapasa ndani ya mfuko wa mbele. Kidole kikakutana na kile kidoti.

"Mama," alisema kwa woga, "mikoba yetu si ina alama siku zote? Kidoti Chekundu."

Mama na afisa walitazamana. Afisa akaandika. Wote watatu wakasubiri. Jina halikuwepo kwenye majina ya biashara. Kwenye alama za biashara pia halikuwepo, si kwa mikoba wala kwa bidhaa za jamii yake, na hata la kufanana nalo halikuonekana.

"Halina mtu," afisa alisema. "Ombeni usajili leo hii, msingoje."

Walipomaliza kuomba usajili na kurudi nyumbani, mchora mabango alikuwa bado anawasubiri chini ya ngazi. Alifuta chaki kwa kitambaa chenye maji, akaandika upya, na pembeni akapaka duara jekundu lililoonekana tangu mwisho wa mtaa.

Alasiri, Mama alimaliza mkoba lakini hakuurusha. Alimpa Chapuchapu mkononi, pamoja na sindano yenye uzi mwekundu.

"Leo kidoti utashona wewe," alisema. "Lakini nisikilize kwanza. Mimi sikuangalia tena kwa sababu ulisema umeangalia. Mtu akikuamini hivyo, amekukabidhi macho yake. Ukimdanganya, unamwacha atembee kipofu. Umechelewa kuusema ukweli, ila umesema kabla ya rangi, na kwa hilo nakushukuru."

"Nisamehe, Mama," Chapuchapu alisema, na safari hii hakuharakisha.

Aliukandamiza mkoba kwa goti, akavuta mkanda. Akauvuta tena. Akaugeuza, akavuta na ule wa upande wa pili. Kisha ndipo akashona kidoti.