Diski ya Irakoze

Asia ndiye aliyeuliza kwanza. Ilikuwa adhuhuri ya kiangazi, jua limeikausha barabara ya sokoni Kasulu hadi vumbi linapanda lenyewe, naye akainua uso kutoka kwenye mashine ya fotokopi dukani kwao na kuuliza ni nani aliyechimba udongo humu ndani.

Mumewe, Nurudini, fundi wa kompyuta, akasema yeye hasikii harufu yoyote. Alisema hivyo bila kumtazama. Harufu aliisikia tangu asubuhi: udongo mbichi, wenye maji, kama wa shimo lililofunuliwa sasa hivi. Tena alijua inatoka droo gani.

Ndani ya droo hiyo mlikuwa na diski ya kompyuta iliyokufa.

Ilikuwa ya Mama Maximilla, mjane anayelima maharage Heru Juu. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya binti yake wa pekee, Irakoze, aliyekuwa akisoma ualimu hapo mjini mpaka homa ilipomchukua. Msichana yule alipenda kujirekodi video akimsimulia mama yake mambo ya chuoni, na akirudi likizo wakaziangalia pamoja wakacheka. Baada ya mazishi, mama alijifunza kubonyeza pale tu panapotakiwa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba alifungua kompyuta, na binti akamwamkia kwa Kiha: "Mwakeye, mama."

Kompyuta ilipoanza kugandaganda, aliifunga kwenye kitenge, akapanda bodaboda, akamletea Nurudini.

"Mwanangu," alimwambia, "mengine yakipotea si kitu. Huyu tu asipotee."

Nurudini aliujua ugonjwa ule. Diski za toleo hilo zilikuwa na kasoro katika programu ndogo inayoziendesha kutoka ndani, na dawa yake ni kuisasisha programu hiyo. Kazi nyepesi, ila ina masharti. Diski ya Irakoze ilibandikwa nembo ya kampuni iliyouza kompyuta, ingawa iliundwa na kampuni nyingine, na tovuti ya walioiunda ilionya waziwazi: yenye nembo ya kompyuta itafutiwe programu kwa wenye nembo, si hapa. Na kabla ya lolote, nakili kila kitu pembeni. Nurudini aliyasoma yote. Asia naye alimwambia, "Nakili kwanza, Baba Faudhia." Lakini kunakili kungekula mchana mzima, na rafiki yake alikuwa akimsubiri kwenye akika ya mtoto. Programu ya wenye nembo ilitaka kutafutwa. Hii ya walioiunda diski ilikuwa tayari mkononi. Akaitia hiyo. Mstari ukasogea kwenye kioo, ukasimama. Diski ikagonga ndani kwa ndani, ta, ta, ta, ikanyamaza, wala haikuamka tena kwa mbinu yoyote aliyoijua.

Mama Maximilla aliporudi, Nurudini alimwambia ilikuja imeshakufa.

"Siku ile nakuja hapa aliniamkia," mama akasema. Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu aliyepotea anayeuliza njia.

Upole ule ndio uliomchoma. Angemtukana, labda angekiri. Badala yake alijisikia mdogo, na mtu akijisikia mdogo hutafuta kitu kikubwa cha kusimamia. "Wallahi, mama, mimi sikuigusa. Nimeikuta hivyo."

Mama akainamisha kichwa, akamshukuru kwa kuhangaika, akaondoka na kompyuta tupu. Diski alimwachia, pengine siku moja atapata la kufanya.

Harufu ilianza kesho yake. Kisha zikaja sauti. Mchana, wateja wakipungua, kutoka kwenye droo kulisikika ta, ta, ta. Nurudini alivuta droo akaiona diski imelala peke yake, haina waya, haina umeme, nayo ilikuwa ya moto kama kitu kilichofanya kazi. Akaifunga kwenye gazeti. Akaiweka kabatini. Iligonga kutoka kabatini.

Jioni moja, adhana ya magharibi ikiwa haijaisha, Asia alikuwa akifagia kizingiti, na kutoka gizani nyuma ya kabati sauti changa ya kike ikasema, taratibu, "Mwakeye, mama." Ni maamkio ya asubuhi, na jua lilikuwa limezama.

Asia aliegemeza ufagio ukutani. Hakuuliza kitu usiku ule.

Kilichomfungua mdomo ni picha. Makarius, dereva wa bodaboda wa Heru Juu, alikuja kupigwa picha ya pasipoti. Asia alimpiga yeye mwenyewe, ukuta mweupe nyuma yake, hakuna mtu mwingine. Picha ilipotoka kwenye mashine, begani kwa Makarius palikuwa na mkono. Vidole vyembamba vya msichana, vimelegea kama vya mtu anayepumzika, na chini ya kila ukucha mna udongo uliolowa, na kadiri Asia alivyoitazama ile picha ndivyo alivyozidi kuona kwamba vidole havikupumzika bali vilikuwa vimeshika, na kitambaa cha shati kimekunjamana vilipoingia, na pale picha ilipokatwa, kwenye ukingo kabisa, kulikuwa na kitu cheusi ambacho kingeweza kuwa nywele za mtu aliyeinama kuchungulia. Makarius aliitazama, akajishika bega, akatoka bila kuichukua.

"Baba Faudhia," Asia akanong'ona, "uliapa uongo?"

Nurudini alitazama chini. "Niliapa."

"Kwa ajili ya akika?"

"Kwa ajili ya aibu."

Walimwendea Sheikh Dadi, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye wazee wake walitoka pwani na ambaye watu humwita anapohitajika mtu wa kusoma. Alisoma juu ya diski ile baada ya alasiri, kwa sauti ya chini, hadi jasho likamtiririka. Mwishowe akaifunika.

"Huyu si binti wa watu," alisema. "Aliyekufa harudi. Hiki ni kitu kilichokuwa nje kinatafuta mlango, ukakifungulia kwa jina la Mungu. Ndani kikakuta sauti haina mwenyewe, kikaivaa."

"Sasa nifanye nini, sheikh?"

"Kwako naweza kukitoa. Lakini kina makao mawili. Nenda kwa huyo mama ukamwambie kweli. Halafu yeye mwenyewe akiambie kiondoke. Asipokiambia, mimi sina nguvu."

Walikwenda Heru Juu kesho yake mchana. Mama Maximilla aliwapokea akitabasamu. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya shingo inahesabika. Mkekani palikuwa na ugali wa muhogo na maharage, sahani mbili. Moja ya kwake, haijaguswa, na nyingine tupu, imelambwa ikang'aa. Harufu ya udongo ilijaa nyumba nzima. Pazia la chumbani lilikuwa limeshushwa.

Nurudini alipiga magoti. Alisema yote, tangu onyo alilolisoma hadi kiapo, na sauti yake ikakatikakatika, maana nyuma ya pazia alisikia ta, ta, ta ikimfuata neno kwa neno, ikitulia anaponyamaza na kuanza anapoanza, kama mtu anayemsikiliza kwa makini mwanafunzi aliyekariri somo ambalo yeye analijua tayari.

"Ninajua," mama akasema. "Aliniambia."

Asia akamshika mkono. "Mama, huyo si Irakoze. Anakumaliza. Mwambie aende zake, neno moja tu."

"Si Irakoze," mama akakubali, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Mnadhani mama hamjui mwanawe? Tangu siku ya kwanza nilijua si yeye." Akamgeukia Nurudini, na machoni mwake hamkuwa na hasira hata chembe. "Lakini sauti ni yake. Wewe ulishaizima mara moja, mwanangu. Mimi siwezi kuizima mara ya pili."

Pazia likatikisika. Sauti changa ikaita, na mama akainuka kuitika, akawaomba radhi wageni, akaingia ndani.

Sheikh Dadi alilisafisha lile duka lao. Diski ikazikwa mbali. Harufu ilikwisha, picha zikatoka safi, wateja wakarudi kama kawaida, na Nurudini akaona kwamba amani ile ilikuwa nzito kuliko hofu yote iliyopita. Mara nyingi alipanda hadi Heru Juu kumsihi mama. Mara nyingi alikaribishwa, akasikilizwa, akarudi vilevile.

Siku ya soko Makarius alipita dukani, akabaki mlangoni, hakutaka kuingia. Nurudini alimwuliza habari za Mama Maximilla.

"Nimepishana naye leo akienda kisimani," Makarius akasema. "Anatembea pembeni kabisa mwa njia, kwenye majani, kama aliyemwachia mtu nafasi katikati."

"Anaonekanaje?"

"Amekwisha, fundi. Upepo tu unaweza kumbeba," alisema. "Lakini alikuwa anacheka."